Wimbo wa Bibi Katika Hema la Bia

Ilianza Ijumaa, tarehe tatu Oktoba 2014, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama jikoni naitazama ile ya kwenye jiko, nikihofia basi la barabara ya Finch litatuacha, na baba hatoki chumbani. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa ameshavaa sare yote ya bendi anayopiga nayo kila Oktoba kwenye sikukuu ya bia ya Wajerumani: kaptula ya ngozi yenye kanda za mabegani, shati la drafti, soksi ndefu nyeupe mpaka magotini, na ile kofia ya kijani yenye unyoya. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kasha la tarumbeta mapajani, kama abiria anayesubiri kuitwa. Siku nyingine nikimwona hivyo nacheka mpaka tumbo linauma. Siku hiyo sikucheka, kwa sababu Jumanne mama yake alikuwa amefariki.

Bibi alikuwa anaishi Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro, alikozaliwa baba na mimi pia. Mazishi yalikuwa kesho yake, Jumamosi, saa tisa alasiri. Ukitoa saa saba, huku Toronto ni saa mbili asubuhi. Baba asingeweza kwenda. Makaratasi yetu ya kuishi hapa yalikuwa bado yanashughulikiwa, na wakili alishamwambia kwamba akitoka nje ya nchi kabla hayajakamilika asitegemee kurudi. Mama alilia, akasema labda aende tu, liwalo na liwe. Baba akamuuliza, na ninyi niwaache na nani? Mazungumzo yakaishia hapo. Lakini baba hakuwa amekubali, alikuwa amenyamaza tu.

Sasa lazima nieleze habari ya tarumbeta, la sivyo yaliyotokea kwenye hema la bia yataonekana ya ajabu. Wamisionari wa Kijerumani walifika kwetu zamani sana, wakajenga kanisa, wakafundisha watu kupiga matarumbeta, kisha wakaondoka zao. Matarumbeta yakabaki. Mpaka leo usharika wetu una kundi la wapigaji, na hakuna harusi wala msiba unaopita bila wao. Bibi ndiye aliyemnunulia baba tarumbeta yake ya kwanza, kwa hela ya mbege. Alikuwa anapika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, na watu walikuwa wanatoka mpaka vijiji vya jirani kuifuata. Mchungaji alikuwa anamsema. Bibi anamjibu kwamba aliyeotesha migomba ni Mungu, yeye anapika tu.

Desturi ya usharika wetu ni kwamba mpiga tarumbeta akifiwa na mzazi, ubeti wa mwisho pale kaburini anaupiga peke yake, wenzake wameshusha vyombo. Bibi alikuwa anaukumbushia ubeti huo kila tukiongea kwenye simu. Anauliza shule yangu, anauliza kama baridi imeanza, halafu mwishoni kabisa, kama mtu aliyesahau kitu mlangoni, anasema, "Lakini wewe utanipigia?" Na baba anajibu, "Nitakupigia, mama." Miaka sita tangu tuje huku, jibu halikubadilika. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulibadilisha.

Kwa hiyo mpango ukawa huu. Baba mdogo, aliyebaki nyumbani, angeweka simu yake kwenye maikrofoni ya kanisa pale kaburini, na baba angepiga akiwa sebuleni kwetu, ghorofa ya kumi na moja, hapa mtaani Jane na Finch. Jirani wa chini angegonga dari kwa ufagio kama kawaida yake. Tukasema agonge.

Shida ilikuwa midomo. Mtu akipiga tarumbeta jioni nzima, midomo inavimba na kufa ganzi, na asubuhi yake hatoi hata sauti ya mbuzi. Mama alikuwa anavaa sare yake aende zamu ya usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi. Alisimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi.

"Baba watoto," alisema, "hiyo midomo ni ya mama yako kesho. Unakwenda kuimalizia kwa walevi?"

"Nitapiga taratibu."

"Tangu lini tarumbeta ikapigwa taratibu?"

Bendi ya klabu ya Wajerumani ilikuwa na wapiga tarumbeta wawili, yeye na fundi bomba mmoja Mreno, na yule Mreno alikuwa ameng'olewa jino siku mbili nyuma, shavu limejaa. Kiongozi wa bendi, mzee wa Kijerumani, alishampigia baba simu mara mbili kumwomba asimwache. Na tarumbeta yenyewe ilikuwa ya klabu. Ya kwake baba aliiacha usharikani tulipoondoka, na mwaka wetu wa kwanza huku, yule mzee alipomsikia kanisani akiimba sauti zile za matarumbeta kwa mdomo tu bila chombo, akaenda kumletea hii, akamwambia akae nayo nyumbani. Baba alimwambia mama kwamba akimkatalia mzee leo, kesho atakuwa anamzika mama yake kwa chombo cha mtu aliyemtupa. Mama akavaa kiatu cha pili, akaondoka bila kuaga.

"Twende, mama," baba akaniambia. Mimi nina jina la bibi, ndivyo tunavyofanya kwetu kwa binti wa kwanza, na baba hajawahi kuniita kitu kingine ila mama. Alipolitamka akasimama pale kwenye korido, akakaza macho kwenye taa za lifti mpaka ikaja.

Nilikuwa naenda naye hemani kila msimu. Kazi yangu ilikuwa kupita na kapu la mikate yao yenye chumvi, ile iliyosokotwa kama fundo la kamba. Ni kazi iliyonifaa kwa sababu haihitaji kuongea, unanyoosha kapu tu. Mimi ni mtu wa aibu, tena sio aibu ile ya kupendeza. Mwalimu akiniita, masikio yanawaka moto na jibu ninalolijua linapotea. Kiswahili nakiandika vizuri kwa sababu nilikuja nina miaka tisa, na kwa sababu shuleni hakuna atakayeweza kusoma hiki ninachoandika. Kukiongea mbele ya wakubwa ndio mtihani. Ulimi unakuwa mzito, najikuta najibu kwa Kiingereza, na mashangazi kwenye simu wanacheka, eti mzungu wetu hajambo. Kwa hiyo nimezoea kunyamaza kwa lugha zote mbili.

Hema lilikuwa jeupe na kubwa, limesimamishwa kwenye maegesho ya magari nyuma ya klabu. Ndani ni mabenchi marefu na meza ndefu, riboni za buluu na nyeupe, harufu ya kuku wa kuchoma, soseji na bia iliyomwagika kwenye mbao. Akina dada waliobeba vikombe vikubwa vya kioo, sita sita kwa mara moja, walivaa magauni ya kubana yenye kamba kifuani. Wengi wao walikuwa Wafilipino, na wengine wanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani na kwetu. Mpishi alikuwa Msrilanka. Hata yule mzee, Mjerumani wa kuzaliwa, alitusimulia kwamba kwao ni kaskazini, pwani, na huko wanaume wanavaa suruali kama watu wengine wote. Kaptula ya ngozi aliiona kwa mara ya kwanza Toronto, alipofika akiwa kijana, akaambiwa kwenye klabu kwamba hivi ndivyo Mjerumani anavyovaa. Akanunua.

Hakuna aliyekuwa anamdanganya mwenzake mle. Watu walikuja kuwa Wajerumani kwa jioni moja, wakipanda juu ya mabenchi na kuimba maneno wasiyoyajua, halafu wanarudi nyumbani kwa treni wakiwa wenyewe tena. Kila msimu kulikuwa na watu waliotaka kupiga picha na baba. Kila msimu mmoja wao humuuliza anatoka sehemu gani ya Ujerumani, na baba humjibu, "Kusini. Kusini kabisa," na meza nzima inavunjika mbavu. Niliwahi kumuuliza kama haimuudhi. Akasema, "Wao wanaigiza, na mimi naigiza. Ila mimi nyimbo nazijua."

Na kweli alizijua. Nyingi zilikuwa ni tuni za kanisani kwetu, zimekimbizwa tu.

Jioni ile nilikuwa nagawa mikate huku jicho liko kwenye midomo yake. Mwanzoni alijitahidi kujibania. Sauti za juu alizikwepa, akamwachia mwenye kodiani azichukue. Kila wakipumzika alichota barafu kwenye ndoo ya soda akaibana mdomoni. Lakini tarumbeta ilikuwa moja, na hema limejaa, na watu wakishapanda kwenye mabenchi hawataki mtu wa kujibania. Kufika mapumziko ya pili mdomo wake wa juu ulikuwa mwekundu na umejaa. Nilimpelekea maji. Akayanywa upande mmoja wa mdomo, na hakuniangalia.

Kuna wimbo mmoja wa polepole wanaoupiga kuelekea mwisho. Watu wanashuka kutoka juu ya mabenchi, wanakaa, wanashikana mikono viwiko kwa viwiko na kuyumba pamoja, kushoto na kulia, meza hadi meza. Mzee alisema maneno yake ni ya mtu anayetaka kikombe kimoja zaidi kabla ya kwenda nyumbani. Kwetu tuni hiyohiyo ni ya maziko. Inapigwa jeneza likitoka mlango wa kanisa mpaka linapofika kaburini, na hakuna anayekaa inapopigwa, hata mgonjwa anashikiliwa asimame. Msimu wake wa kwanza hemani, baba nusura aangushe tarumbeta. Baadaye akazoea, akamsimulia bibi kwenye simu, na bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama bia yao ni nzuri, au ni ile ya chupa.

Nilikuwa naomba waukwepe siku hiyo. Mzee hakujua habari ya msiba, baba hakumwambia mtu. Akainua mkono, akahesabu.

Baba akasimama. Katika bendi ile hakuna anayesimama, wote wanapiga wamekaa. Akavua ile kofia yenye unyoya, akaiweka juu ya kiti, akaanza, lakini hakuanza kwa mwendo wa hemani. Alianza kwa mwendo wa kubeba jeneza, ule wa hatua moja, unasubiri, hatua nyingine. Ngoma ikamtangulia, ikajishtukia, ikarudi. Kodiani ikajaribu kumsukuma, akakataa kusukumwa. Watu waliokuwa wameshikana mikono wakaanza kuyumba, mwendo ukawapotea, wakawa wanagongana mabega na kucheka.

Nilikuwa nimesimama na kapu langu karibu na jukwaa. Meza ya mbele ilikuwa ya wanaume wanne wenye kofia kama ya baba. Mmoja, mnene, mwenye uso wa ucheshi, akapaza sauti kuelekea bendi: "Kasi kidogo, rafiki. Nani amekufa?"

Wenzake wakacheka. Ulikuwa utani wa kawaida, hata mimi ningeweza kuusikia shuleni nisigeuke. Lakini aliusema akiniangalia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa jirani, kama anayenikaribisha nicheke nao. Nikasikia masikio yanawaka. Nikajibu.

"Bibi yangu. Ni mama yake huyo anayepiga."

Akanitazama kidogo, akisubiri niseme natania. Halafu akavua kofia. Akaweka kikombe chini, akajitoa kwenye ile mikono iliyoshikana, akasimama. Mwenzake akamuuliza kuna nini, akamwinamia sikioni. Nao wakasimama. Meza ya nyuma yao ikawaona ikasimama pia, nafikiri ikidhani ni sehemu ya mchezo, na ya nyuma yake hivyohivyo. Mwishoni kabisa mwa hema, karibu na vyoo, watu waliendelea kukaa na kuimba yale maneno ya kikombe kimoja zaidi. Walikuwa wanaimba vibaya na walikuwa na furaha. Sikuwachukia.

Ulipofika ubeti wa tatu, wa mwisho, mzee alishusha mkono, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Ngoma ikanyamaza, kodiani ikanyamaza. Baba akaupiga peke yake. Macho alikuwa ameyafumba, na kaptula ile, na soksi zile nyeupe. Sauti za juu alizozikwepa jioni nzima alizitoa zote. Ile ya mwisho ikapasuka katikati, akaimalizia kwa pumzi.

Wachache wa mbele hawakupiga makofi. Wa nyuma walipiga, na miluzi, wakitaka tena. Baba akakaa, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati, na mkono wa shati ukawa na damu. Nyimbo mbili za mwisho zilipigwa bila tarumbeta.

Mzee alituleta nyumbani na gari lake. Alipoegesha chini ya jengo letu akauliza maziko ni lini, na baba akamwambia mama yake anazikwa kesho asubuhi. Mzee akakaa ameshika usukani. "Kwetu pia ule ni wa maziko," alisema. "Baba yangu alizikwa nao. Bia tuliiongezea huku." Baba akaitikia kwa kichwa, tukashuka.

Asubuhi nilimkuta sebuleni amevaa suti yake nyeusi ya kanisani, amebana barafu mdomoni kwa kitambaa cha jikoni. Mdomo ulikuwa umevimba mpaka umebadilisha sura yake. Mama alirudi kutoka kazini, akamwona, na yale yote aliyokuwa ameyaandaa kusema hakuyasema. Akavua koti, akakaa karibu naye na sare yake. Simu ikaita kabla ya saa mbili.

Ilikuwa sauti ya baba mdogo, na nyuma yake upepo, kikohozi, mtoto analia, matarumbeta yanamalizia ubeti. Kisha kimya.

"Kaka, wameshusha vyombo. Tunakusubiri wewe."

Baba akasimama, akapuliza. Ikatoka hewa. Akalamba midomo, akapuliza tena, ikatoka sauti ambayo sitaki kuielezea. Mara ya tatu pale palipopasuka jana pakafunguka, na mama akamshika mkono. Kule Machame simu ilikuwa kwenye maikrofoni, kwa hiyo waombolezaji wote walikuwa wanasikia kushindwa kwake.

"Kaka? Hatusikii."

Baba aliniangalia. Hakuniomba kitu, aliangalia tu, kama alivyoangalia jana taa za lifti. Nikachukua simu mezani.

"Shikamooni," nilisema, na sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye spika za kule, nyembamba, ya kitoto. Nikataka kukata simu. "Baba ameshapiga. Alipiga jana. Alisimama, akavua kofia, akapiga beti zote, na wa mwisho akapiga peke yake. Leo mdomo umepasuka. Watu walisimama."

"Alipiga wapi, mwanangu?" baba mdogo akauliza. "Watu gani hao?"

Ningeweza kusema kanisani. Nilimtazama baba, amefumba macho.

"Kwenye hema la bia," nikasema. "Walikuwa wanakunywa. Lakini walisimama."

Upepo ukavuma kwenye simu. Kisha mwanamke mmoja, mtu mzima kwa sauti yake, akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyejiziba mdomo akachelewa. Mwingine akamfuata, na wengine, na katikati ya kicheko hicho wakaanza kulia, wanawake wote kwa pamoja.

"Basi," baba mdogo akasema, na yeye sauti imemkatika, "amempigia mama mbele ya wateja wake."

Halafu wale wapigaji walioshusha vyombo wakavipandisha tena, kinyume cha desturi, wakampigia baba ubeti wake. Tulisimama wote watatu sebuleni tukisikiliza. Jirani wa chini hakugonga. Kabla haujaisha, simu ikakatika, na tulipojaribu kupiga haikupatikana.

"Sikumpigia," baba akasema.

Mama akamwambia amempigia, mtoto ameshawaambia, watu wote wamesikia.

"Wamesikia maneno. Yeye alikuwa amelala pale anasubiri, na mimi nilikwenda kuwapigia wengine." Akaingia chumbani na suti yake, akafunga mlango.

Mimi nilichukua tarumbeta kochini. Kile kipande cha mdomoni kilikuwa na damu iliyokauka ya jana na mbichi ya leo. Nikakichomoa, nikaenda nacho jikoni, nikakiosha kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, ndani na nje. Chumba chao kimepakana na jikoni, ukuta ni mwembamba. Nilimsikia analia. Nikafungua bomba mpaka mwisho ili asijue kwamba nasikia, nikaendelea kuosha.